Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu ya rufaa: dozi ya TB haizibui figo

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
na kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

YAH: WAGONJWA WA TB YA FIGO KUACHWA NA MKOJO ULIOKWAMA HADI FIGO ZINAKUFA

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Mganga Mfawidhi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nilianza na sanduku la maoni lililo karibu na dirisha la dawa. Nikaenda kwa ofisa ustawi wa jamii, akanipeleka kwa Katibu wa Afya, naye akanishauri niandike. Niliandika. Barua ilipigwa muhuri wa "imepokelewa", na muhuri huo ndio jibu pekee nililo nalo hadi leo.

Jina la hospitali silitaji hapa, wala la daktari au muuguzi yeyote. Mnajijua, na watu wa mkoa wetu wa Kanda ya Ziwa wanaijua. Zaidi ya hapo, wengi niliokutana nao wodini ni watu wa kujituma, na sitaki muuguzi wa zamu ya usiku abebeshwe jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa mezani kwenu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, si daktari. Ninayoyajua nimeyapata kwa kumuuguza mdogo wangu, mkulima wa mpunga, na kwa kuwauliza wataalamu ambao walikuwa na subira ya kunijibu. Kwa vile barua hii itasomwa pia na wasiokuwa watu wa hospitali, naomba nieleze kidogo.

TB watu huijua kwa kikohozi. Lakini vimelea vikiwa mapafuni vinaweza kuingia kwenye damu, vikafika kwenye figo, vikalala huko miaka mingi bila mwenyewe kuhisi chochote. Vikiamka hula nyama ya figo, kisha hushuka na mkojo kupitia ureta, ule mrija mwembamba unaotoka figo kwenda kibofuni. Njia nzima huchubuka. Mahali palipochubuka hupona kwa kovu, na kovu hilo hujivuta kama la mtu aliyeungua moto kwenye kiwiko, mpaka mrija unabanwa, mara nyingi kule chini karibu na unapoingia kibofuni. Mkojo ukikosa pa kupita hurudi nyuma, figo inatanuka, na mgandamizo ule huua taratibu sehemu inayochuja damu. Maumivu si lazima yawe makali. Mtu anaweza kupoteza figo nzima huku akiendelea kupalilia shamba lake.

Dawa za TB ni nzuri, na nchi yetu inazitoa bure. Kwa hilo nashukuru. Dozi ya kawaida ya miezi 6, dawa nne miezi miwili ya mwanzo na mbili miezi minne inayofuata, huua vimelea. Kovu haiyeyushi. Tena, na hapa ndipo kwenye kiini cha malalamiko yangu, ureta inaweza kubana zaidi mgonjwa akiwa katikati ya dozi, anameza vidonge kila siku bila kukosa, kwa sababu ndicho kipindi ambacho vidonda vinapona na makovu yanajifunga. Kwa hiyo mgonjwa mtiifu kabisa anaweza kupona TB na kubaki hana figo.

Kuna njia ya kuzuia hilo, na si ngeni. Daktari huangalia figo kwa altrasaundi, huchoma sindano mgongoni ubavuni mpaka pale mkojo ulipojikusanya, hupitisha waya laini ndani ya sindano, kisha juu ya waya huingiza mrija ambao ncha yake hujikunja ndani ya figo ili usichomoke. Mkojo unatoka nje kwenye mfuko. Huitwa nefrostomi. Willard Goodwin na wenzake wa Marekani waliiandika mwaka 1955, wakati hata Uhuru wetu haujafika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Picha inapigwa, ripoti inaandikwa, na hakuna anayeifanyia kazi.

Mdogo wangu alianza kwa kukojoa damu. Akatibiwa kichocho. Silalamikii hilo: mtu anayeshinda majarubani akikojoa damu, kichocho ndicho cha kwanza kufikiriwa na ni sawa kabisa. Dawa hazikusaidia, akahamishiwa kwenye "UTI sugu", akapewa antibiotiki hii, ikabadilishwa kwa ile, ikaongezwa ya sindano. Vipimo vya mkojo vilikuwa vinaonyesha usaha mwingi, lakini mkojo ukioteshwa maabara hauoti kitu. Usaha bila bakteria wa kawaida ni dalili ambayo vitabu vya tiba huihusisha na TB tangu zamani. Ni daktari mmoja kijana, aliyekuwa kwenu kwa muda mfupi, aliyepeleka mkojo wa asubuhi kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima makohozi kila siku. Ikasoma TB.

Wiki hiyo hiyo akapigwa altrasaundi hapo hapo kwenu. Ripoti ninayo: figo ya kushoto imetanuka sana, ya kulia imetanuka kiasi, ureta zote mbili zimevimba kuelekea chini. Ikabanwa kwa pini ndani ya faili, faili likarudi masijala. Tulipouliza tukaambiwa amalize dozi kwanza.

Mwezi wa tatu wa dozi miguu ikavimba, akawa anatapika kila anachokula. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, ilikuwa imepanda mara nyingi kupita kiwango cha kawaida. Tukapewa karatasi ya rufaa. Katika hospitali tuliyokwenda, mbali na mkoa wetu, walimlaza kifudifudi, wakampiga ganzi, si nusu kaputi, wakaweka mrija kwenye figo ya kulia akiwa macho anaongea nao. Mrija wenyewe ulikuwa wa namba 8, yaani unene usiofika milimita 3. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kufungua faili kwetu. Mkojo ukajaa mfukoni wa rangi ya chungwa, nikadhani ni damu. Kumbe ni rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, ambayo hupaka mkojo rangi hiyo. Kreatinini ikaanza kushuka siku zilizofuata, na hakuhitaji dayalisisi, yaani kuchujwa damu kwa mashine.

Figo ya kushoto nayo iliwekewa mrija. Walisubiri wiki kadhaa waone kama itazinduka. Haikuzinduka.

Naomba mtazame tarehe ya ripoti yenu ya altrasaundi na tarehe ya rufaa yenu, zote zimo kwenye faili. Kati ya tarehe hizo mbili hapakuwa na kitu kilichokosekana kujulikana. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kusoma ripoti na kusema: huyu azibuliwe leo.

2. Kliniki ya TB haina habari na figo.

Kila alipohudhuria kliniki alipimwa uzito, akahesabiwa vidonge, akaulizwa kama anakohoa. Hakohoi, hajawahi kukohoa. Kwa mgonjwa wa namna hii kikohozi na makohozi havisemi chochote juu ya ureta. Hakuna aliyempangia kurudia altrasaundi, ingawa chumba cha altrasaundi kipo korido ile ile. Hakuna aliyepima kreatinini hadi alipovimba. Na hili la pili lina hatari yake peke yake: ethambutoli, mojawapo ya zile dawa nne, hutolewa mwilini na figo, zikishindwa inajikusanya na inaweza kudhuru macho, ndiyo maana ratiba yake hubadilishwa kwa mgonjwa wa figo. Mdogo wangu aliendelea kumeza dozi ya mtu mwenye figo nzima. Macho yake yako salama, na sioni kama kuna mtu kwenu wa kumshukuru kwa hilo.

3. Mashine ipo, mtaalamu yupo, mrija haupo.

Mnaye daktari bingwa wa radiolojia anayejua kazi hii. Amenithibitishia mwenyewe kwamba anaiweza na ameifanya kwingine. Mashine ya altrasaundi inafanya kazi. Kinachokosekana ni sindano, waya, vitanuzi vya kupanua njia ya mrija, na mrija wenyewe, vitu vinavyoingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Familia zinaambiwa zikanunue mjini. Wengine hurudi wiki moja baadaye, wengine hawarudi. Na bado hatujaelewa kwa nini kidonge cha TB ni bure na mrija unaookoa figo kutokana na TB hiyo hiyo ni wa kulipia kabla ya huduma. Ni ugonjwa mmoja.

4. Mnatoa rufaa mgonjwa akiwa ameziba.

Mtu ambaye figo zote mbili zimekwama, potasiamu imepanda, anapakiwa kwenye basi la abiria na bahasha mkononi. Akiwa na homa ni mbaya zaidi, maana mkojo uliokwama ukiingiwa na bakteria unaweza kumuua mtu haraka kuliko safari yenyewe. Azibuliwe kwanza, asafiri baadaye.

5. Anayerudi na mrija hana pa kwenda.

Mrija wa nefrostomi unahitaji uangalizi: kidonda kisafishwe, mfuko ukae chini ya usawa wa figo, mrija usikunjwe, na ubadilishwe takriban kila miezi 3 kwa sababu hujaa ukoko na kuziba. Ukichomoka, tundu hujifunga upesi na kazi inaanza upya. Tuliporudi nyumbani tukaja kwenu kubadilisha bandeji. Chumba cha vidonda wakasema hawajawahi kuuona mrija wa aina hiyo, turudi tulikotoka. Kurudi tulikotoka ni safari ya kulala njiani, kwa ajili ya bandeji.

Hayo ni matano. Sasa niseme kuhusu majibu ambayo nimekwisha kuyasikia koridoni, ili tusipotezeane muda.

Mtasema kazi hii inahitaji mashine kubwa ya eksirei ya moja kwa moja. Inasaidia, na kwa ureta ngumu huhitajika katika hatua za baadaye. Lakini figo iliyokwisha kutanuka huonekana vizuri kwa altrasaundi, na mrija unaweza kuwekwa kwa altrasaundi peke yake, hata kitandani kwa mgonjwa asiyeweza kusogezwa. Mafunzo ya radiolojia tiba, yaani kutibu kwa sindano na mirija huku picha ikiongoza, yalianza Muhimbili mwaka 2018, na uwekaji wa mirija ya figo ni miongoni mwa kazi wanazofundishwa Watanzania pale. Hatuzungumzii tena jambo la Ulaya.

Mtasema ni hatari, mgonjwa atavuja damu. Hatari ipo, na sitaki mtu aidogoshe. Ndiyo sababu hupimwa kwanza chembe sahani na uwezo wa damu kuganda, na sindano huelekezwa upande wa nyuma wa figo penye mishipa michache. Mkojo kuwa mwekundu siku ya kwanza au ya pili ni kawaida. Kuvuja kwa kuhitaji kuongezewa damu ni kwa wagonjwa wachache katika kila 100. Upande wa pili wa mizani kuna figo inayokufa kwa uhakika.

Mtasema TB itatoka na tundu la sindano ifanye kidonda kisichofunga. Hofu hii ni ya zamani na ina mantiki kwa mgonjwa asiyekuwa kwenye dawa. Ninaowazungumzia wako kwenye dawa, na kliniki yenu ndiyo inayowapa.

Lipo jibu moja ambalo nalikubali nusu: kwamba si kila figo inafaa kuwekewa mrija. Kweli. Figo iliyosinyaa na kugeuka chokaa tupu haiokolewi na mrija. Kuna wagonjwa wengine ambao ni bora wawekewe mrija wa ndani kupitia kibofu, wasibebe mfuko, ingawa kibofu kilichosinyaa kwa TB na ureta iliyobana mara nyingi hukataa njia hiyo. Uamuzi huo ni wa daktari. Lakini kuamua ni tofauti na kuacha. Na figo iliyotanuka huwezi kusema imekufa kwa kuitazama tu. Unaizibua, unapima mkojo unaotoka, unasubiri wiki kadhaa, ndipo unasema. Kwa mdogo wangu neno "imeshakufa hiyo" lilitamkwa hapo kwenu kuhusu figo zote mbili. Moja ndiyo inayomweka hai.

Kuhusu bajeti nitakuwa mfupi. Mgonjwa anayepoteza figo zote mbili anahitaji dayalisisi mara mbili hadi tatu kila wiki, maisha yake yote, au apandikizwe figo. Mwekeni mhasibu wenu alinganishe hesabu hiyo na mfuko mmoja wa plastiki. Nchi yetu iliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Wagonjwa hawa wataendelea kuja.

Na wapo watakaosema mrija ni adhabu, kijana ataishi na mfuko kiunoni. Mrija ni wa kuvukia. Ukiisha kuokoa figo, na dozi ikiisha kutuliza ugonjwa, daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo anaweza kupanua sehemu iliyobana, au kuikata na kuipandikiza ureta upya kwenye kibofu. Upasuaji huo unahitaji figo iliyo hai. Mdogo wangu anausubiri. Kwa sasa mfuko anaufunga chini ya shati, na msimu uliopita alisimamia uvunaji mwenyewe, ingawa majarubani haruhusiwi kuingia. Hilo linamuudhi kuliko mfuko.

Ninachoomba ni hiki, na nakiomba kwa maandishi.

Uwepo utaratibu wa ukurasa mmoja, ubandikwe chumba cha altrasaundi na kliniki ya TB: figo ikionekana imetanuka, anayepiga picha ampigie simu daktari wa zamu kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Mwenye homa, mwenye kreatinini inayopanda, au mwenye figo moja inayofanya kazi, azibuliwe ndani ya saa 24. Kila mgonjwa wa TB ya mfumo wa mkojo apigwe altrasaundi na kupimwa kreatinini anapoanza dozi, mara kwa mara ndani ya miezi miwili ya mwanzo, na tena kabla dozi haijaisha. Asiyekohoa asipimwe kwa kikohozi.

Hospitali iwe na akiba ya seti za nefrostomi kwa idadi atakayoitaja daktari wenu wa radiolojia, si atakayoikisia mtu wa stoo. Seti hizo zitolewe kwanza, malipo yajadiliwe baadaye, na kwa mgonjwa wa TB asiye na bima msamaha upitishwe siku hiyo hiyo. Bodi ina uwezo wa kuliamua hili bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Wauguzi wawili wapelekwe kujifunza kutunza na kubadilisha mirija hii, na pia jambo ambalo niliambiwa husahaulika: figo iliyozibuliwa ghafla inaweza kumwaga mkojo mwingi mno saa za mwanzo, hata mgonjwa akaishiwa maji na chumvi, kwa hiyo mkojo upimwe kila saa na maji yarudishwe. Wakishajifunza, wapewe siku moja ya kliniki kila mwezi. Wenye mirija mkoani tunafahamiana, tutakuja.

Mwisho, ateuliwe mtu mmoja mwenye cheo na namba ya simu ya ofisi, anayewajibika kwa wagonjwa hawa tangu picha hadi mrija. Kamati tunazo za kutosha.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, na naomba nipewe nafasi ya robo saa katika kikao kijacho cha Bodi. Nitakuja na nakala za ripoti mbili za altrasaundi, majibu ya kreatinini kwa tarehe zake, na barua yangu yenye muhuri wenu. Mdogo wangu ameridhia faili lake lisomwe kikaoni, mbele ya daktari yeyote mtakayemwalika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa baiolojia, kaka wa mgonjwa
(jina na anwani vimo kwenye nakala iliyowasilishwa masijala)

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Mkoa
Katibu Tawala wa Mkoa